Namna ya Kujitahidi Bila Kutoka Jasho: Mwongozo kwa Wafadhili wa Maduara

Dhahabu ya Geita ina tatizo moja tu: iko chini. Kuifikia kunataka kompresa, baruti, matimba ya kushikilia kuta za duara, yaani shimo la mchimbaji, pampu ya kuvuta maji, ugali wa vijana ishirini na subira ya miezi kadhaa. Vyote hivyo vinakula fedha. Kuahidi kuvileta hakuli hata shilingi, mradi ahadi iandikwe na mtu anayejua kazi yake. Mwongozo huu ni wa mtu huyo.

Tuseme umesikia kuna rashi ya dhahabu Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, nawe umeteremka na gari safi na mkoba wa karatasi. Unakuta watu wamekwisha kujipanga. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye shamba, yupo mwenye duara, na wapo wachimbaji watakaozama. Kila mmoja ana kitu cha kuweka mezani: karatasi ya Tume ya Madini, ardhi ya ukoo, shimo lililokwisha kuanzwa, mgongo wake. Wewe mfadhili, au sponsa kama watakavyokuita, una fedha, na fedha zina haya, hazipendi kuonekana mapema. Badala yake weka jitihada. Fuata hatua hizi saba.

Hatua ya kwanza: Chagua jitihada ya saizi yako

Jitihada za kwenye mikataba zina saizi, kama mitumba ya Katoro. Ukichukua iliyokuzidi itakukwaza njiani.

Kubwa kuliko zote ni "atafanya kila juhudi". Inapendeza masikioni na vijana watapiga makofi, lakini iogope. Mwaka 1911, katika kesi ya kampuni mbili za reli za Uingereza, Sheffield District Railway na Great Central Railway, ilielezwa kwamba aliyeahidi juhudi zake zote hatakiwi kuacha jiwe lolote bila kuligeuza, ilimradi asivuke mipaka ya busara. Sasa fikiria mtu akiwasomea hukumu hiyo wachimbaji wa Nyarugusu, watu ambao kugeuza mawe ndiyo kazi yao tangu asubuhi hadi jioni. Watakuonesha jiwe mojamoja ambalo hujaligusa. Wala usijifariji kwamba Uingereza ni mbali. Sheria yetu ilipokea kanuni za mahakama zao kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira ya hapa yanavyoruhusu, na hukumu za baada ya hapo mawakili huzitaja ili kumshawishi jaji.

Saizi ya kati ni "atafanya juhudi zinazofaa". Hii ina nafuu, kwa kuwa hairuhusu mtu akudai ujifilisi kwa ajili ya shimo la wenzako. Ubaya wake ni kwamba inamfungulia hakimu mlango wa kuuliza mfanyabiashara mwenye akili timamu na nia njema angefanya nini mahali pako. Wewe hutaki kulinganishwa na mtu wa namna hiyo.

Saizi inayokufaa ni ndogo kabisa: "atajitahidi kadiri hali itakavyoruhusu". Hali haijawahi kuruhusu jambo lolote tangu dunia iumbwe, na hakuna anayejua anwani yake ili apelekewe hati ya kuitwa shaurini.

Hatua ya pili: Ogopa tarakimu

Usiandike "kompresa moja ndani ya siku 14". Andika "vifaa stahiki kwa wakati muafaka". Usiandike "magogo mia mbili ya matimba kabla duara halijapita mita 20". Andika "kuboresha mazingira ya usalama". Posho ya chakula iite "kuwajali wachimbaji". Tarakimu huhesabika hata na mtu asiyekwenda shule. Sifa haihesabiki hata na profesa.

Ukitaka kujua tarakimu zilivyo na meno, itazame Serikali inapotaka fedha zake. Haiwaombi wenye migodi wajitahidi. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3, ile ya 2010 ikaweka 4, marekebisho ya 2017 yakaufikisha 6. Ilipotaka dhahabu isafishwe hapahapa nchini, haikuacha jambo kwenye uzalendo wa wachimbaji wakubwa na wasafirishaji: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya viwanda vya kusafisha na soko la ndani. Hata misaada ya migodi kwa vijiji vinavyoizunguka, ambayo zamani ilitoka kama hisani ya mkubwa, sheria ya 2017 iliigeuza kuwa mpango wa kila mwaka ambao mgodi lazima ukubaliane na halmashauri. Asilimia haijitahidi. Asilimia hulipwa. Kaa nayo mbali.

Kuna kizingiti kimoja. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema makubaliano ambayo maana yake haina uhakika, wala haiwezi kuhakikishwa, ni batili. Usihuzunike. Ahadi yako ikiwa batili, anayeumia ni yule aliyekwisha kuzama duarani kwa sababu yake. Sheria hiyohiyo inasema ahadi isiyotajiwa muda itekelezwe ndani ya muda unaofaa, na muda unaofaa ni upi hutegemea ushahidi wa kila shauri. Hilo nalo lisikutishe. Ushahidi unataka nauli ya kwenda Geita mjini mara kwa mara, na vijana wako wana nauli ya kufika karashani tu, kwenye mashine ya kusaga mawe.

Hatua ya tatu: Mfiche mtendaji

"Mfadhili ataleta pampu" ni sentensi ya hatari, kwa sababu ndani yake yumo mtu na kuna pampu. "Jitihada zitafanyika ili pampu ipatikane" haina mtu, na pampu yenyewe iko mbali. Itafanyika na nani? Itapatikana kwa nani? Swali hilo likiulizwa, tikisa kichwa kama mtu aliyeguswa na uchungu wa wenzake, kisha agiza soda.

Usidhani shida hii ni ya maduara tu. Tarehe 19 Oktoba 2017, baada ya sakata la makontena ya makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, Serikali na kampuni ya madini ya Barrick walitangaza Ikulu kwamba wamefikia makubaliano ya awali. Dola milioni 300 zingelipwa kwa ajili ya madai ya kodi, faida ingegawanywa nusu kwa nusu, na nchi ingepata hisa asilimia 16 migodini. Mitaani zile dola milioni 300 zikapewa jina la kishika uchumba. Mlipaji alikuwa nani? Alikuwa Acacia, mwenye Bulyanhulu na Buzwagi kule Kahama pamoja na North Mara, na Acacia hakuwapo mezani. Barrick alikuwa na hisa zipatazo asilimia 64 za kampuni hiyo, si zote, na Acacia akasema hana uwezo wa kutoa kiasi hicho kwa mkupuo. Ilibidi Barrick anunue hisa zilizobaki mwaka 2019, mkataba utiwe sahihi tarehe 24 Januari 2020 na Twiga, kampuni ya ubia wa Barrick na Serikali, ishike usukani, ndipo dola milioni 100 za kwanza zikalipwa Mei 2020.

Hapo pande zote mbili zilikuwa na mawakili na maprofesa. Duara la Rwamgasa halina hata mmoja. Hesabu faida yako.

Hatua ya nne: Saini mbali, saini usiku

Mkataba wa Buzwagi ulisainiwa London, Februari 2007, ilhali mgodi wenyewe uko Kahama. Mbunge Zitto Kabwe alipoupeleka bungeni, Agosti mwaka huo akasimamishwa. Kelele hazikukoma, na Novemba Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta nzima ya madini. Jifunze kwa waliotangulia: mbali ni pazuri, lakini mbali kupita kiasi huvuta wabunge.

Kwako inatosha nyumba ya wageni Kahama mjini, saa tatu usiku, baada ya nyama choma. Mkataba uwe wa Kiingereza, kurasa nane, herufi ndogo. Mpe mwenye duara ukurasa wa mwisho, maana ndio wenye nafasi ya dole gumba. Akiomba nakala akamsomee mwanawe aliye sekondari, mwekee mkono begani, umuulize kwa sauti ya huzuni: "Mzee wangu, kumbe hatuaminiani?" Hakuna Msukuma mwenye adabu zake atakayejibu ndiyo. Kesho yake asubuhi mtafute mwenyekiti wa kitongoji agonge muhuri. Muhuri hauthibitishi kwamba mtu alielewa alichosaini, ila karatasi yenye muhuri huogopwa.

Hatua ya tano: Piga picha

Jitihada haionekani kwa macho, lakini inapigika picha vizuri sana. Vaa kofia ngumu, simama kando ya duara, nyoosha kidole kuelekea shimoni huku ukimtazama mtu mwingine. Tunza risiti za mafuta ya gari. Itisha vikao, kila kikao kiwe na mahudhurio na kumbukumbu zinazosema mfadhili "aliwahakikishia wachimbaji". Anzisha kundi la WhatsApp, uwe unaweka humo picha za kompresa zilizoko madukani Mwanza, kila moja na maneno "tupo kwenye mchakato".

Safari za kutafuta kompresa ni ushahidi mzuri wa jitihada kuliko kompresa yenyewe. Kompresa ikifika, jitihada zimekwisha na kazi imeanza, na kazi haikuwamo kwenye mpango wako.

Hatua ya sita: Weka akiba ya sababu

Mwenye jitihada bila sababu ni mtu aliyeshindwa. Mwenye jitihada na sababu ni mtu aliyezuiwa. Orodhesha mapema mambo yaliyo nje ya uwezo wako: mvua, bei ya dola, bei ya dizeli, foleni ya mizigo bandarini, uchaguzi, msiba. Mazungumzo yatakuwa hivi:

"Bosi, duara limejaa maji. Ile pampu imefikia wapi?"

"Vijana wangu, mvua ni ya Mungu. Mimi nimejitahidi."

"Lakini masika huja kila mwaka, bosi."

"Ndiyo maana nilianza kujitahidi mapema."

Uwe mwangalifu na jambo moja. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya MUR Shipping na RTI. Vikwazo vya Marekani vilikuwa vimeyatatiza malipo ya dola yaliyotajwa mkatabani, na RTI akajitolea kulipa kwa euro. Mahakama ikasema wajibu wa kufanya juhudi zinazofaa haumlazimishi mtu kupokea malipo tofauti na yale yaliyoandikwa, isipokuwa mkataba wenyewe useme hivyo. Hoja hiyo ikifika machimboni, vijana wanaweza kuikataa pampu ya kumwagilia nyanya uliyoileta badala ya pampu ya duara. Bahati nzuri ulizingatia hatua ya pili, na mkataba wako hautaji pampu ya aina yoyote.

Hatua ya saba: Dhahabu ikitoka, geuka mhasibu

Ipo siku ambayo, licha ya jitihada zako, mwamba utatoa. Vijana watakuwa wamekopa kompresa kwa jirani, wamekata matimba wenyewe, wamechota maji kwa ndoo. Siku hiyo jitihada ziage. Ziite sasa zile tarakimu ulizokuwa ukizikimbia, zije zote na jamaa zao.

Toa ukurasa wa sita, ambao hakuna aliyeusoma, uliojaa asilimia. Mifuko ya mawe igawanywe palepale juu, wako watoke kwanza. Karasha iwe ile uliyoichagua wewe. Marudio yote yabaki kwako, kwa kuwa wachimbaji wengi wakiona dhahabu ya kwanza husahau kwamba mchanga uliokwisha kuoshwa bado una dhahabu, na wenye mitambo ya kuchenjua huununua kwa hamu. Gharama zako zikatwe kabla ya mgao, zikiwamo zile risiti za mafuta ya kutafutia kompresa. Kuhusu kuuza, mchague mnunuzi mwenyewe. Lile soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, lina mizani ya wazi, bei ya siku na maofisa wa Serikali. Si mahali pa mtu wa jitihada.

Hii ndiyo siri ya kazi yote, na ndiyo iliyokuleta hadi hapa. Wajibu wako uandikwe kwa vitenzi vyema: kujitahidi, kuwezesha, kushirikiana, kuboresha. Wajibu wao uandikwe kwa namba: mifuko, asilimia, gramu, tarehe. Chukua mkataba wowote uliomwacha mtu analia, uupige mstari wa katikati, vitenzi kushoto na namba kulia. Utajua ni nani aliyeuandika bila kuangalia sahihi.

Tahadhari

Mwongozo huu una kasoro. Hushindwa kabisa mbele ya watu wa aina tatu, na ukikutana na mmoja wao afadhali uwashe gari.

Wa kwanza ni yule anayejua ahadi ipi ni halali kuachwa kwenye jitihada. Huyu atakubali upesi kwamba hakuna binadamu anayeweza kuahidi dhahabu, maana mwamba haukusaini chochote. Anajua kwamba daktari haahidi kukuponya, anaahidi kukutibu kwa ujuzi wa daktari. Lakini anajua pia kwamba konda aliyekuuzia tiketi ya Mwanza kwenda Geita ameahidi Geita, na hawezi kukushusha Busisi akakwambia dereva amejitahidi sana. Majirani zetu wa Kongo, waliorithi sheria ya Kibelgiji, wanasheria wao huzitenga ahadi hizi mbili waziwazi, ya kutumia njia zinazostahili na ya kufikisha matokeo. Mchimbaji mwenye akili hiyo atakwambia: "Bosi, kuutafuta mwamba wenye dhahabu tutajitahidi wote, na tukikosa hatutakudai. Lakini kompresa, pampu na matimba havitafutwi chini ya ardhi. Vipo dukani. Andika utavileta." Hapo utakosa la kusema, kwa sababu hakuna la kusema.

Wa pili ni yule aliyesikia habari za uwanja wa ndege wa Blackpool. Uwanja huo uliahidi shirika la Jet2, katika mkataba wa miaka 15 wa mwaka 2005, kwamba utafanya kila juhudi kulikuza shirika hilo na huduma zake za nauli nafuu. Kwa miaka minne ulizipokea ndege zake hata nje ya saa za kazi. Oktoba 2010 ukagoma, ukidai kufungua alfajiri na usiku kunautia hasara. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, kwa wingi wa majaji, ikasema kufungua uwanja ni sehemu ya juhudi zilizoahidiwa, na hasara peke yake haimwondolei mtu ahadi yake. Majaji walitofautisha mambo mawili: jitihada kuelekea lengo linaloeleweka, kama ndege kutua saa fulani, hiyo mahakama inaweza kuisimamia, jitihada kuelekea lengo lisiloeleweka, hiyo huteleza mkononi. Mtu akikumbuka miezi ambayo ulileta mafuta ya jenereta bila kuulizwa, anaweza kusema wewe mwenyewe umekwisha kuonesha jitihada yako maana yake nini. Ndiyo sababu mfadhili makini haanzi kuleta chochote.

Wa tatu ni hatari kuliko wote, na hana habari za kesi hata moja. Ni yule mwenye duara mkimya, aliyekaa pembeni na fimbo yake, ambaye baada ya wewe kusoma "atajitahidi kadiri hali itakavyoruhusu" anakohoa kidogo na kuuliza: nani ataleta? Ataleta nini? Kiasi gani? Lini? Tutajuaje kwamba ameleta? Na asipoleta, sisi tunafanya nini: tunatafuta mfadhili mwingine, tunapunguza mifuko yake, au tunakaa tukisubiri? Kila jibu utakalotoa litakuwa na mtu, kitu na tarehe ndani yake. Yakiandikwa yote sita, hutabaki na jitihada hata moja. Utabaki na mkataba.

Hivyo, ndugu mfadhili, zitumie karatasi zako mapema, kabla maswali hayo hayajaenea machimboni.

Nawe mchimbaji, kama ukurasa huu umekufikia, sikukusudia uusome, lakini maadamu umeusoma, yatumie maswali hayo sita. Omba mkataba kwa Kiswahili. Kaa nao usiku mmoja. Mwoneshe msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au ulizia ofisi ya Afisa Madini Mkazi kabla hujaweka dole. Jitihada zibaki kwa yale yasiyo mikononi mwa mtu, kama dhahabu kuwapo au kutokuwapo. Vinavyonunuliwa dukani viandikwe kwa idadi na tarehe. Mfadhili anayekataa kuandika tarehe ya kuleta pampu hana pampu. Mshukuru kwa soda, mrudishie karatasi zake, mtafute mwingine.